Mkonge, Kotisoni na Mifupa: Historia ya Dozi Moja

Historia ya mifupa ya watu wanaoishi na upungufu wa homoni za adrenali ni fupi kuliko historia ya ugonjwa wenyewe kwa takriban karne nzima, kwa kuwa katika muda wote huo wagonjwa walikufa mapema mno kabla ya mifupa yao kuonyesha dalili yoyote ya kudhoofika. Adrenali ni tezi mbili ndogo, kila moja ikiwa imekaa juu ya figo, na ganda lake la nje hutengeneza homoni za aina tatu: kotisoli, inayoongoza matumizi ya sukari na protini na kuuwezesha mwili kustahimili maradhi na misukosuko, aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee na hivyo kulinda shinikizo la damu, na homoni dhaifu za kiume, ambazo hata wanawake huzihitaji. Ganda hilo linapoharibika mtu hukonda, huishiwa nguvu, hutamani chumvi, na mwishowe homa ambayo mwingine angeiugua kwa siku mbili akapona humtumbukiza katika mshtuko unaoweza kumuua kwa saa chache.

Aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza alikuwa Thomas Addison, tabibu wa Hospitali ya Guy's mjini London, ambaye mwaka 1855 alichapisha kitabu kidogo chenye habari za wagonjwa 11 ambao tezi zao za adrenali zilikutwa zimeharibika baada ya kifo. Wengi kati yao waliangamizwa na kifua kikuu kilichosambaa hadi kwenye tezi, na alama iliyomvutia zaidi tabibu huyo ilikuwa ngozi yao, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ikawa ya shaba au nyeusi ijapokuwa walikuwa Wazungu. (Kwa mgonjwa Mwafrika alama hiyo hutafutwa kwenye fizi, midomo, na mistari ya kiganja, jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilichelewa kulisisitiza.) Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanafiziolojia aliyezaliwa Port Louis katika kisiwa cha Mauritius, aliwaondolea wanyama tezi hizo na kuonyesha kwamba wanyama waliofanyiwa hivyo hawaishi, ingawa wenzake walibishana naye kwa miaka mingi kuhusu maana ya jaribio hilo. Mifupa haikutajwa na yeyote kati yao, wala hapakuwa na sababu ya kuitaja, maana mtu aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison mwaka 1860 au mwaka 1920 hakutarajiwa kuishi zaidi ya miaka michache.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja karibu na mwaka 1930, watafiti wa Marekani, wakiwamo Wilbur Swingle na Joseph Pfiffner, walipofanikiwa kukamua kutoka kwenye tezi za ng'ombe majimaji yaliyoweza kumrudishia uhai mnyama asiye na adrenali. Majimaji hayo yalikuwa ghali na yalipatikana kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo tiba iliyowafaa wagonjwa wengi zaidi katika muongo huo ilikuwa chumvi ya kawaida ya jikoni, iliyoongezwa kwa wingi katika chakula na maji yao. Mwaka 1937 Tadeus Reichstein wa Zürich, Uswisi, alitengeneza kwa kemia homoni iitwayo deoksikotikosteroni, na miaka miwili baadaye vidonge vyake vilianza kupandikizwa chini ya ngozi ya wagonjwa ili viyeyuke polepole kwa miezi. Homoni hiyo hushika chumvi lakini haina uwezo mkubwa wa kufanya kazi ya kotisoli, na ndiyo maana wagonjwa wa miaka ya 1940 waliweza kuvimba miguu na kupata shinikizo la juu la damu kwa kuzidishiwa dawa, huku mifupa yao ikibaki salama kutokana na hatari ambayo dawa iliyofuata ingeileta.

Dawa hiyo ilikuwa kotisoni, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa kotisoli. Edward Kendall wa Kliniki ya Mayo, katika mji wa Rochester, Minnesota, aliitenga kutoka kwenye tezi za ng'ombe katikati ya miaka ya 1930 na kuiita Kampaundi E, Reichstein naye akiipata kwa njia yake mwenyewe, lakini kuitenga ni jambo moja na kuitengeneza kwa wingi ni jambo jingine. Ugumu ulitokana na atomi moja ya oksijeni. Katika kiunzi cha kotisoni oksijeni hiyo imeshikamana na kaboni namba 11, mahali ambapo wanakemia wa wakati ule hawakuwa na njia nyepesi ya kupafikia, na Lewis Sarett wa kampuni ya Merck alipofaulu mwishoni mwa mwaka 1944, alifaulu kwa kuanza na asidi ya nyongo ya ng'ombe yenye oksijeni kwenye kaboni jirani, ya 12, kisha akaihamisha kupitia hatua zaidi ya 30. Gramu chache zilizopatikana kwa jasho hilo zilimfikia Philip Hench, mwenzake Kendall, ambaye Septemba 1948 alimdunga mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache mwanamke huyo alikuwa akitembea, na mwaka 1950 Kendall, Reichstein na Hench wakagawana Tuzo ya Nobel. Ni muhimu kukumbuka kwamba dawa iliyotafutwa kwa ajili ya watu wachache wasio na adrenali ilipata umaarufu na soko lake kwa wagonjwa wa baridi yabisi, ambao walihesabika kwa mamilioni, kwa sababu tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo itakayovuruga fikra za madaktari kuhusu mifupa kwa miaka 40.

Mwaka 1949 gramu moja ya kotisoni iliuzwa kwa takriban dola 200, na nyongo ya ng'ombe wote wa machinjio ya Marekani isingetosha mahitaji, hivyo wanakemia wakageukia mimea. Wengine walikuja Afrika kutafuta mbegu za Strophanthus, jamii ya mimea itambaayo ambayo baadhi ya wawindaji waliitumia kutengeneza sumu ya mishale na ambayo John Kirk, baadaye balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliifahamisha Ulaya alipokuwa katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi. Mojawapo ya mimea hiyo ina dutu ambayo tayari imebeba oksijeni kwenye kaboni namba 11, lakini aina za porini zilitofautiana mno na jitihada hiyo haikufika mbali. Wengine walichimba viazi vikuu vya mwituni vya Mexico, ambavyo Russell Marker alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa ni chanzo kizuri cha homoni, na mwaka 1952 Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walitangaza kwamba ukungu wa jamii ya Rhizopus unaweza kuipachika oksijeni ile ngumu kwa hatua moja tu. Waingereza, waliokuwa na upungufu wa dola baada ya vita na wasiotaka kutegemea malighafi ya Mexico, waliangalia makoloni yao, na huko wakauona mkonge.

Mkonge nao ulikuwa mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Wajerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika pwani ya Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu; kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Pangani, Tanga, Korogwe na Morogoro ambayo katika miaka ya 1950 yaliifanya nchi hiyo kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Waliokata majani hayo walikuwa kwa sehemu kubwa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wengi wao wakiandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama Silabu. Jani lililokatwa lilipelekwa korona, mtambo unaolisaga na kutenganisha singa, na kwa kila kilo 100 za majani singa kavu zilizopatikana zilikuwa kama kilo 4. Kilichobaki, yaani nyama ya jani na maji yake ya kijani yanayowasha ngozi, kilitupwa mitaroni na kuchafua mito.

Katika taka hiyo ndimo ilimokuwa hekojenini, dutu ya jamii ya saponini zinazofanya maji ya mkonge yatoe povu, na iliyo na sifa adimu ya kubeba oksijeni kwenye kaboni namba 12, kama ile asidi ya nyongo aliyoanza nayo Sarett. Mwaka 1951 R. K. Callow, J. W. Cornforth na P. C. Spensley, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Uingereza, walichapisha taarifa ya namna ya kuipata kutokana na mkonge. Ilibainika kwamba maji ya majani yakiachwa yachachuke kwa takriban wiki moja hutuamisha tope lenye sehemu kubwa ya hekojenini, ambalo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, huchujwa na kukaushwa, kisha husafirishwa. Kampuni ya Glaxo ilijenga utengenezaji wake wa kotisoni juu ya malighafi hiyo ya Afrika Mashariki, na kwa miaka kadhaa sehemu ya vidonge vilivyowaweka hai wagonjwa wa Addison wa Uingereza ilianzia katika korona za Tanganyika na Kenya. Vitabu vya historia ya mkonge huzungumzia kamba na magunia, bei wakati wa vita vya Korea na kuporomoka kwa soko baada ya kuja kwa nyuzi za plastiki, lakini hutaja sura hii kwa nadra, nayo inastahili zaidi ya tanbihi.

Kotisoni ilipokuwa rahisi kupatikana, suala la mifupa lilijitokeza upesi, ingawa si kwa wagonjwa wa Addison. Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya wakati wote: seli za aina moja humumunya sehemu iliyochakaa, na seli za aina nyingine huweka mfupa mpya katika pengo hilo. Kotisoli ikizidi, seli wajenzi hupungua na kuchoka, seli wabomoaji huishi muda mrefu kuliko kawaida, na seli zilizofukiwa ndani ya mfupa, ambazo kazi yake ni kutambua nyufa, hufa kabla ya wakati. Tena utumbo hupokea kalsiamu kidogo na figo huimwaga zaidi katika mkojo. Matokeo yake ni osteoporosisi, hali ya mfupa kuwa mwepesi, wenye matundu makubwa na tayari kuvunjika kwa kishindo kidogo, na sehemu zinazotangulia kuathirika ni pingili za uti wa mgongo, ambazo ndani yake zimejaa mfupa laini wenye vyumba vingi. Onyo lilikuwapo tangu mwaka 1932, Harvey Cushing wa Boston alipoeleza ugonjwa wa watu ambao mwili wao hutoa homoni hizo kupita kiasi, akataja pingili zao zilizosagika na vibyongo vyao, lakini furaha iliyoletwa na kotisoni mwaka 1949 haikuacha nafasi ya kukumbuka maiti za Cushing. Mwaka 1954 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha taarifa ya Curtiss, Clark na Herndon kuhusu kuvunjika kwa pingili kulikosababishwa na matumizi ya muda mrefu ya kotisoni, na tangu hapo hapana daktari aliyeweza kusema hakujua.

Hata hivyo, ujuzi huo ulihesabiwa kuwa unawahusu wagonjwa wa baridi yabisi na pumu, waliopewa homoni juu ya ile ambayo miili yao ilikuwa inaitengeneza. Mgonjwa wa Addison alionekana kuwa nje ya hatari, kwa hoja iliyosikika ya busara kabisa, kwamba yeye anarudishiwa kile alichopungukiwa na hapewi ziada yoyote. Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba ilidhani kiasi alichopungukiwa kinajulikana. Vipimo vya miaka ya 1950 na 1960, vilivyokadiria kotisoli kwa kufuatilia mabaki yake katika mkojo, vilitoa makadirio ya juu, na mazoea yaliyotokana nayo yalikuwa kumpa mgonjwa miligramu 30 za haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe ikitolewa kama dawa, kwa siku, au kotisoni inayolingana nazo, na wakati mwingine zaidi. Hofu ya mshtuko nayo iliwafanya madaktari wapendelee kuzidisha kuliko kupunguza, na si haki kuwalaumu sana, kwa kuwa aliyepunguziwa mno angeweza kufa usiku huohuo, ilhali aliyezidishiwa angevunjika nyonga baada ya miaka 20, pengine mikononi mwa daktari mwingine.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote wa kipindi hicho, John F. Kennedy, hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, na hutajwa kwa uzembe. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison mjini London mwaka 1947, akatibiwa kwa vidonge vya kupandikizwa na baadaye kotisoni, na Oktoba 1954 alifanyiwa upasuaji wa mgongo mjini New York ambao, kwa mtu asiye na adrenali, ulikuwa wa hatari kubwa kiasi kwamba madaktari wake waliuandikia makala mwaka 1955 bila kumtaja jina. Wapo wanahistoria waliodai kwamba homoni ndizo zilizouvunja mgongo wa rais huyo wa Marekani, lakini maumivu yake yalianza kabla kotisoni haijawahi kuuzwa popote, na mifupa yake haikupimwa kwa namna yoyote inayoweza kumaliza ubishi.

Kupima ndiko kulikokosekana. Hadi miaka ya 1960 mfupa ulipaswa kupoteza sehemu kubwa ya madini yake ndipo picha ya eksirei ionyeshe kasoro. John Cameron na James Sorenson wa Wisconsin walibuni mwaka 1963 njia ya kupima wingi wa madini kwa miale ya mionzi inayopita mkononi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja mashine zinazotumia eksirei za nguvu mbili tofauti ili kutenganisha mfupa na nyama, ambazo kwa dakika chache hupima mgongo na nyonga. Mashine hizo zilipowapima watu wenye Addison, ile hoja ya busara ilianguka. Mwaka 1994 Pierre Zelissen na wenzake wa Uholanzi waliripoti kwamba miongoni mwa wagonjwa 91 waliowapima, karibu theluthi moja ya wanaume walikuwa na madini pungufu ya mfupa, na kwamba upungufu huo ulifuatana na wingi wa dawa kwa kila kilo ya uzito. Wanawake walioathirika walikuwa wachache zaidi, tofauti ambayo haijapata maelezo ya kuridhisha. Miaka mitatu kabla yake, Nora Esteban na wenzake wa Marekani walikuwa wamepima utengenezaji wa kotisoli kwa njia mpya, wakakuta kwamba mtu mzima mwenye afya hutengeneza kama miligramu 10 tu kwa siku, karibu nusu ya ilivyodhaniwa. Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja, maana yake haifichiki: kwa miongo minne watu waliokuwa wakiitwa wapungufu walikuwa, saa nyingi za siku, na ziada.

Hesabu haikuishia hapo, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauwezi kuondolewa lawama zote. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2011, uliofuata rekodi za wagonjwa zaidi ya 3,000 kuanzia mwaka 1964 hadi 2006, ulikuta kwamba asilimia 6.9 yao walivunjika nyonga, dhidi ya asilimia 2.7 ya watu wa kulinganishwa nao, na jambo la kushangaza ni kwamba hatari ilikuwa kubwa karibu na mwaka wa kugunduliwa kwa ugonjwa, hata kabla dawa haijaanza. Mtu aliyekonda, mwenye shinikizo la chini linalomtia kizunguzungu kila anaposimama, huanguka, na anapoanguka huvunjika. Huenda pia wengine huanza na dozi kubwa za dharura ambazo hazipunguzwi upesi. Upotevu wa homoni dhaifu za kiume nao umeshukiwa, hasa kwa wanawake, lakini majaribio ya kuzirudisha, yaliyoanza kuvuma baada ya mwaka 1999, yameleta nafuu ndogo tu kwa mifupa.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 ulipendekeza haidrokotisoni ya miligramu 15 hadi 25 kwa siku, igawanywe mara mbili au tatu na ile kubwa imezwe asubuhi, ili ifuate mwendo wa kotisoli ya asili, ambayo hupanda kabla ya alfajiri na kushuka kabisa usiku wa manane. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba wagonjwa waliopunguziwa dozi kutoka miligramu 30 hivi hadi 21 walipata ongezeko la madini ya mfupa katika kipindi cha miaka 2, na matukio ya mshtuko hayakuongezeka. Kwa maneno mengine, ile hofu iliyowafanya madaktari wazidishe kwa nusu karne haikuthibitika pale dozi ilipopunguzwa kwa uangalifu na mgonjwa akafundishwa kuiongeza anapougua.

Afrika Mashariki, mwongozo huo hukutana na mazingira yanayofanana zaidi na ya Addison mwenyewe kuliko ya Ulaya ya leo, ambako sababu kuu ya ugonjwa imekuwa kinga ya mwili kuishambulia tezi yake. Hapa kifua kikuu bado kinahesabiwa miongoni mwa sababu kubwa, pamoja na maambukizi yanayoandamana na virusi vya UKIMWI, na rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja kotisoli, hata mgonjwa hulazimika kuongezewa homoni, mara nyingi maradufu, kwa muda wote wa matibabu. Nyongeza hiyo ni halali, lakini isiporudishwa chini baada ya rifampisini kwisha hugeuka kuwa ile ziada ya zamani. Vidonge vya haidrokotisoni navyo havipatikani kwa urahisi katika nchi nyingi za Afrika, na mahali pake wagonjwa hupewa prednisoloni, iliyoanza kutumika mwaka 1955, ambayo ni nafuu na hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kiasi kwamba huendelea kuigusa mifupa katika saa za usiku ambazo tezi yenye afya ingekuwa imetulia. Eneo lililowahi kutoa malighafi ya kotisoni limebaki kuwa mnunuzi wa mbali wa dawa hiyo, kwa kuwa biashara ya hekojenini ilififia kadiri viwanda vya dunia vilivyozidi kutumia vijidudu na malighafi nyingine za bei nafuu.

Mashine za kupima madini ya mfupa nazo ni chache na zimejikita katika miji mikubwa, kwa hiyo daktari aliye mbali nazo hutegemea alama ambazo Cushing naye angezitambua: urefu wa mgonjwa uliopungua tangu ziara iliyotangulia, maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kunyanyua mzigo wa kawaida, na picha ya eksirei ya ubavuni inayoonyesha pingili iliyobonyea upande wa mbele.